Tofali Lisilolala

Jiko la mama kule Nyacheki lina nyufa mbili. Kila baada ya miezi michache yeye huchota udongo wa mfinyanzi, anauchanganya na majivu, anaupaka palipomeguka, kisha analiacha likauke siku nzima. "Jiko hukuonyesha mahali linaumwa," huniambia. "Ni wewe tu huangalii."

Nilikumbuka maneno hayo juzi nikiwa nimeshika chupa tupu. Chupa tunatengeneza hapa hapa Kenya. Kiwanda cha Kasarani, Nairobi, kilikuwa cha East African Breweries hadi 2015, kiliponunuliwa na Consol ya Afrika Kusini. Lakini hebu sahau wenye kampuni kidogo, tuangalie tofali.

Jiko la mama hulala usiku. Tanuru la vioo halilali. Likishawashwa, huwaka usiku na mchana kwa miaka kumi au zaidi, joto la ndani likifika nyuzi 1500 na kupita.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa karne nyingi kioo kiliyeyushwa ndani ya vyungu vya udongo vilivyopangwa tanuruni. Chungu kikipasuka, wafanyakazi walikitoa na kuingiza kingine huku moto ukiwaka. Hakuna aliyeipenda kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1860, kule Dresden, Ujerumani, Friedrich Siemens akaachana na vyungu. Badala yake akatumia birika kubwa la matofali: mchanga unaingia upande huu, kioo kinatoka upande ule, bila kukatika. Chupa zikawa nyingi na rahisi. Tofali nalo likanyimwa usingizi.

Na linaliwa na kitu tunachokijua vizuri: magadi. Mchanga peke yake hutaka zaidi ya nyuzi 1700 ndiyo uyeyuke. Magadi huushusha hadi kiwango ambacho tanuru linakiweza, na ndiyo sababu mojawapo ya kampuni ya pale Ziwa Magadi kuwepo tangu 1911. Shida ni kwamba kinacholainisha mchanga hulainisha pia tofali linaloushika. Tofali huliwa zaidi pale uso wa kioo unapokutana na hewa, kama ule mstari ambao chai huacha kikombeni, ila huu unachimba.

Katika miaka ya 1920 Wamarekani walianza kuyeyusha tofali lenyewe kwa umeme na kulimimina kwenye kalibu kama chuma. Baadaye likaongezwa zirkonia. Likadumu zaidi, lakini bado huliwa.

Sasa, utakarabati vipi ukuta ambao huwezi kuufikia kutoka ndani? Unausoma kutoka nje. Vipimajoto na kamera za joto huonyesha mahali palipo moto kuliko jana, yaani tofali limekuwa jembamba. Hapo unapuliziwa upepo baridi ili kioo kilichogusana na ukuta kiwe kizito na kipunguze kula. Ukuta ukizidi kwisha, bamba jipya la tofali hufungwa kwa nje, moto ukiwa bado unawaka. Asipokuwepo wa kuangalia, kioo cha moto hutoboa ukuta na kumwagika, na watu hukimbia.

Vitabu humtaja Siemens. Yule wa zamu ya usiku, anayezunguka na kipimajoto mkononi, hakuna aliyemwandika.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nyumbani walisema ilitokea ghafla. Haikuwa ghafla hata kidogo: karo ilikuwa imenila muhula baada ya muhula, mahali pale pale, na kila nilipoulizwa nilisema niko sawa. Ni mama tu aliyekuwa akiuliza mara mbili.

Jana nililiangalia jiko. Ufa wa kushoto umerefuka. Nikaenda kuchota udongo.