Nyuma ya Ukuta wa Mwisho

Ukifika mwisho wa mitaa ya kaskazini ya Ahwatukee, kitongoji cha kusini mwa Phoenix, Arizona, kuna jambo ambalo wakazi wamelizoea hadi hawaulizi tena. Nyumba zimepangana, zote rangi ya mchanga, kila moja na gereji yake na ukuta wake wa nyuma. Halafu zinakatika, pap! Baada ya ukuta wa mwisho hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna taa. Kuna mawe, vichaka vya kreosoti, midungusi mirefu ya saguaro, na kijia cha vumbi chenye upana wa baiskeli moja. Mkikutana wawili, lazima mmoja asimame pembeni ili mwingine apite.

Kijia hicho kinaitwa Desert Classic. Kina maili kama 9, yaani kilomita 14 hivi, kutoka Pima Canyon upande wa mashariki hadi karibu na Telegraph Pass upande wa magharibi. Ukielekea magharibi, kulia kwako ni mlima, South Mountain, na kushoto kwako ni mapaa ya watu. Si kijia cha kutisha. Kinashuka kwenye korongo kavu, kinapanda, kinapinda, kinashuka tena, na ukishaushika mwendo wake unasahau kama kuna gia. Cha kuogopa ni cholla, mdungusi ambao ukiugusa kidogo tu, kipande kizima kinabaki mguuni. Na joto. Kiangazi cha 2023, Phoenix ilipita siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Kwa hiyo kiangazi tunatoka alfajiri, au hatutoki kabisa.

Swali langu ni jepesi. Phoenix ni mji unaokula jangwa kila mwaka. Kila kiwanja kina bei. Sasa ni nani aliyewaambia wajenzi: mwisho hapa? Maana kijia hiki hakikubaki kwa bahati. Nimekuwa nikiulizia jibu kwa muda sasa, na kumbe jibu lenyewe ni historia ndefu kuliko mji.

Tuanze na waliotangulia

Ukiingia Pima Canyon, kabla hujaanza kutoa jasho, kuna miamba myeusi yenye michoro iliyochongwa: wanyama, watu, miduara inayojizungusha. Waliochonga ni watu ambao wataalamu huwaita Hohokam. Waliishi katika bonde hili zaidi ya miaka elfu moja, mpaka karibu mwaka 1450, na walichimba mifereji ya maji yenye urefu wa mamia ya maili, kwa mikono, bila trekta wala punda. Mwaka 1867 walipokuja walowezi wa Kimarekani kuanzisha mashamba, walifuata mifereji hiyohiyo ya zamani. Ndiyo maana mji ukaitwa Phoenix, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu yake.

Lakini wenyewe hawakuwa majivu. Akimel O'odham, maana yake watu wa mto, wanasema hao waliochonga ni mababu zao. Nao wapo hadi leo. Ardhi yao, Gila River Indian Community, iliyowekewa mipaka na serikali ya Marekani mwaka 1859, inaanza palepale Ahwatukee inapoishia upande wa kusini. Ni majirani kabisa. Na mlima huu kwao una jina: Muhadagi Do'ag, mlima wenye mafuta. Kwao ni mahali patakatifu, si uwanja wa mazoezi.

Sasa linganisha na jina la kitongoji. Ahwatukee lilikuwa jina la nyumba moja kubwa iliyojengwa hapa miaka ya 1920, na inasemekana neno lenyewe limetoka lugha ya Wacrow, watu wa Montana, kaskazini kabisa mwa Marekani. Yaani mtaa umepewa jina la lugha ya mbali, na jirani wa ukuta kwa ukuta hakuulizwa anapaitaje.

Karatasi ya 1924

Jibu la swali langu liko kwenye mwaka huu. Mwaka 1924, mji wa Phoenix ulinunua ekari zipatazo 13,000 za mlima huu kutoka serikali ya Marekani kwa dola 17,000. Mbunge Carl Hayden alisaidia kulisukuma jambo hilo Washington, na rais alikuwa Calvin Coolidge. Piga hesabu: ni kama dola moja na senti thelathini kwa ekari. Leo hifadhi ya South Mountain ina ekari zaidi ya 16,000, na ni moja ya hifadhi kubwa zaidi za mji nchini Marekani.

Wakati ule hapakuwa na kitongoji upande huu. Mji ulikuwa mdogo, uko mbali upande wa pili wa mlima. Mtu angeweza kusema: jangwa lote hili la nini, mawe ya kazi gani? Ila wako walioona kwamba nyumba zitakuja, na kwamba zikishakuja mtakuwa mmechelewa. Walowezi wa miaka ya 1970 walipofika na matingatinga kujenga Ahwatukee, walikuta mstari umeshachorwa nusu karne nyuma. Ukuta wa mwisho umesimama pale kwa sababu ya karatasi ile.

Mimi ninayepita pale kwa baiskeli bila kulipa hata senti nawashukuru. Ila karatasi ina upande wa pili. Muuzaji alikuwa serikali ya Marekani, mnunuzi alikuwa mji wa Phoenix, na O'odham hawakuwa kwenye meza. Mwaka huohuo wa 1924 ndipo sheria iliwapa wenyeji wote wa Marekani uraia wa nchi. Lakini Arizona iliendelea kuwanyima kura. Mwaka 1928 watu wa Gila River walipeleka kesi mahakamani kudai haki hiyo, wakashindwa. Kura ilikuja mwaka 1948. Kwa hiyo mlima uliokolewa usijengwe, na wenye mlima hawakuwa na hata kura ya kusema ndiyo au hapana. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yako chini ya tairi lako.

Dola 30, na 25 kwenda nyumbani

Nani alichimba njia? Nyingi za zamani mlimani, pamoja na barabara na vibanda vya mawe vya kupumzikia, zilitengenezwa na vijana wa Civilian Conservation Corps, mradi wa Rais Franklin Roosevelt ulioanza mwaka 1933 wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Vijana wasio na kazi walipewa chakula, kambi, sururu na mshahara wa dola 30 kwa mwezi. Na katika hizo 30, kama 25 zilitumwa moja kwa moja kwa familia.

Wewe unayesoma, si unaijua hesabu hiyo? Mshahara unaingia, na kabla hujaugusa, sehemu kubwa imeshakwenda kwa bibi, kwa ada ya binamu, kwa dawa ya mjomba. Tunadhani kutuma pesa nyumbani ni jambo letu sisi wageni. Kumbe njia za mlima huu zimechimbwa na vijana wa Kimarekani waliokuwa wakituma pesa nyumbani. Ingawa hata humo kulikuwa na ubaguzi: vijana weusi walitengwa kwenye vikosi vyao, na wenyeji wa asili waliwekwa katika idara yao peke yao.

Baiskeli bila keria

Baiskeli za mlimani zilikuja baadaye sana. Mwaka 1976, huko Marin County, California, vijana walianza mashindano ya kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu. Breki za nyuma zilipata moto hadi grisi ikawa moshi, na kila mkimbio ulipokwisha walifungua gurudumu na kushindilia grisi mpya. Mashindano yakaitwa Repack, yaani kushindilia upya. Mwaka 1981 ikaingia madukani Stumpjumper ya kampuni ya Specialized, baiskeli ya mlimani ya kwanza kuuzwa kwa wingi kutoka kiwandani.

Baba yangu ana historia nyingine ya baiskeli. Yeye ni mtu wa Fizi, Kongo, na aliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Neno Phoenix alilijua kabla ya kujua kuna mji wenye jina hilo, kwa sababu Tanzania Phoenix ni baiskeli: ile ya Kichina, nyeusi, nzito, ya chuma. Ilibeba mkaa, ilibeba madumu ya mawese, ilibeba mgonjwa kwenda zahanati. Alipoiona baiskeli yangu mara ya kwanza aliizunguka kimya, halafu akauliza, "Keria yake iko wapi?" Keria ni kile chuma cha nyuma cha kufungia mzigo. Nikamwambia haina. Akasema, "Sasa hii ni baiskeli ya kubeba nini, mwanangu?"

Rafiki zangu wao wanasema baiskeli milimani ni mambo ya wazungu. Hao nawapeleka mwaka 1897. Mwaka huo wanajeshi 20 weusi wa kikosi cha 25 cha askari wa miguu, wakiongozwa na Luteni James Moss, ambaye alikuwa mzungu, waliendesha baiskeli za chuma kutoka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis, Missouri. Maili 1,900, siku 41, kupitia milima, matope, mchanga na theluji, na mizigo yao wamefunga kwenye baiskeli. Hiyo ni karibu miaka 80 kabla ya Repack. Jeshi lilikuwa linajaribu kama baiskeli inafaa vitani. Halikuendelea nayo, lakini wale watu walifika. Na wao, baba angefurahi, walikuwa na mzigo.

Mlima uliokatwa

Ukiendelea magharibi hadi mwisho wa mlima, utaona kidonda kipya. Mwaka 1985 wapiga kura wa eneo hili waliidhinisha kodi ya kujenga barabara kuu, na katika mpango huo ilikuwemo moja ya kuzunguka South Mountain. Wana Gila River walipinga. Mwaka 2012 walipiga kura yao wenyewe, na upande ulioshinda ulisema isijengwe. Walikwenda mahakamani pia, wakashindwa mwaka 2017. Barabara ya maili 22 ilifunguliwa Desemba 2019, na ili ipite, vilima vya mwisho vya kusini magharibi vililipuliwa na kukatwa. Wakati huu walikuwa na kura na mawakili, na bado mlima ulikatwa.

Ndiyo maana nasema karatasi ya 1924 si mwisho wa habari. Ilizuia nyumba. Haikuzuia barabara. Ardhi ya umma inabaki ya umma pale tu watu wanapoijua na kuisemea, kila kizazi kwa zamu yake.

Njia isiyopitwa

Wazee wa kwetu husema njia isiyopitwa huota majani. Kule Kigoma ni kweli kabisa: iache njia masika moja tu, hutaiona. Jangwani ni kinyume. Mwaka 1942 Jenerali Patton alifungua kambi za mazoezi ya vifaru katika jangwa la California, zikaenea hadi magharibi mwa Arizona. Zaidi ya miaka 80 imepita, na alama za vifaru bado zinaonekana ardhini katika sehemu kadhaa. Ndiyo maana tunaombwa tusitoke nje ya kijia hata kukwepa jiwe. Tairi lako la dakika moja linaweza kubaki hapo kuliko umri wako.

Lakini jina la mahali haliko hivyo. Jina ni njia ya Kigoma. Lisipotamkwa linaota majani. Gila River wanajua; wanafanya kazi ya kuirudisha lugha yao midomoni mwa watoto. Na sisi tunajua, sisi ambao bibi akipiga simu tunaelewa kila kitu halafu tunajibu kwa Kiingereza. Tunakasirika mwalimu akiyavunja majina yetu darasani. Haki yetu. Basi na sisi tunapopita kwa jirani tuseme jina lake.

Mkija Phoenix, tufuatane. Njooni kati ya Novemba na Machi, na kila mtu aje na maji lita mbili na helmeti, na kitana kigumu cha kung'olea cholla. Tukifika kwenye michoro ya Pima Canyon tutashuka, tusiiguse, na tutasema kwa sauti: Muhadagi Do'ag. Baba amesema atakuja kutusubiri kwenye maegesho, na amenunua keria.