Mapumziko katikati ya matibabu ya saratani: mgonjwa asafiri lini, na aende wapi

Kila tunapofanya kipindi kuhusu saratani, kuna swali moja ambalo halikosekani kwenye simu za wasikilizaji: mgonjwa akishamaliza dozi moja, na inayofuata bado wiki kadhaa, je, anaruhusiwa kusafiri akapumzike? Anayeuliza mara nyingi ni mtoto au mume wa mgonjwa, na huuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba anasa.

Si anasa. Uchovu unaoletwa na saratani na dawa zake haufanani na uchovu wa shamba ambao usiku mmoja wa usingizi huumaliza. Mgonjwa analala, anaamka, bado amechoka. Juu ya hapo kuna foleni za kliniki, vipimo, safari na hofu. Siku chache mbali na harufu ya wodi humsaidia mtu kula, kulala na kupata nguvu ya kuendelea. Jibu letu, kwa hiyo, huwa ni ndiyo kwa wagonjwa wengi, mradi daktari anayemtibu ameulizwa kwanza na tarehe ya kurudi haiguswi.

Ugumu upo kwenye kuchagua siku. Tibakemikali, yaani dawa za saratani za dripu au vidonge, hutolewa kwa mizunguko, na mzunguko wa kawaida kwa dawa nyingi ni siku 21. Katika siku za mwanzo mgonjwa huwa na kichefuchefu na mwili kukosa nguvu. Kisha, takriban kati ya siku ya 7 na ya 14, seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hushuka kufikia kiwango cha chini kabisa. Wiki hiyo ndiyo inayodanganya watu. Kichefuchefu kimeisha, mgonjwa anacheka, familia inasema sasa asafiri, kumbe kinga yake ndiyo imelala. Wiki ya tatu seli huanza kupanda tena.

Tuchukue mfano. Mama amewekewa dripu Jumatatu tarehe 2, na dripu ijayo ni Jumatatu tarehe 23. Kuanzia tarehe 8 hadi 15 abaki karibu na hospitali anayotibiwa. Tarehe 16 anaweza kuondoka, na Ijumaa tarehe 20 awe amerudi, kwa sababu damu hupimwa kabla ya dozi mpya, na seli zikiwa chini dozi huahirishwa. Hapo kuna usiku nne za mapumziko. Ni chache, lakini ni za uhakika. Hata hivyo hesabu hii si ya kila mtu: zipo dawa zinazotolewa kila wiki na zipo za kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo muulize daktari au muuguzi ratiba ya dawa yako wewe.

Tiba ya mionzi ni habari nyingine kabisa. Hutolewa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi kwa wiki kadhaa mfululizo, na haina likizo katikati. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, wataalamu hutaka mionzi ya nje na ya ndani ikamilike ndani ya wiki 8, kwa kuwa matibabu yakirefuka uvimbe hupata nafasi ya kukua tena na uwezekano wa kupona hupungua. Anayetoka Kagera au Simiyu kuja Mwanza kwa mionzi pale Bugando, au anayepelekwa Ocean Road Dar es Salaam, asikatize kwenda kuona watoto kwa wiki moja. Nafasi nzuri ya kupumzika ni kabla ya mionzi kuanza, kwani kati ya tibakemikali na mionzi mara nyingi huachwa wiki kadhaa, au baada ya upasuaji kidonda kinapokuwa kimepona na dawa hazijaanza.

Sasa aende wapi? Wengi husema nyumbani, na hapo tuna neno. Mwenzetu mmoja hapa kituoni alimpeleka shangazi yake kijijini akapumzike baada ya dozi ya pili. Siku ya kwanza walikuja majirani, siku ya pili kwaya, siku ya tatu ukoo mzima. Kila mgeni alitaka asimuliwe upya ugonjwa ulivyoanza, na mgonjwa, kwa heshima, alikaa sebuleni tangu asubuhi hadi jioni akiitikia pole. Alirudi hospitali akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Awamu iliyofuata alikwenda kwa mdogo wake mjini, na yule mdogo wake alikuwa na jibu moja tu mlangoni: dada amelala. Kwa maoni yetu huyo ndiye mwenyeji anayefaa. Mapumziko hayahitaji hoteli wala ufuo wa Zanzibar. Yanahitaji chumba chenye hewa na chandarua, mtu wa kupika, na mtu asiyeona haya kuwarudisha wageni, hasa wenye mafua na kikohozi. Mwanamke akifika kwake na kukuta sufuria na jembe vinamngoja, hiyo si likizo.

Sehemu hiyo iwe na hospitali inayofikika haraka, usiku pia. Mgonjwa wa tibakemikali akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, hiyo ni dharura ya saa ileile. Asimeze paracetamol na kulala akisubiri kesho. Huku kwetu kuna mtego mwingine: homa ikitajwa, wengi tunawaza malaria. Anaweza kupimwa, akapewa dawa ya mseto na kurudishwa nyumbani, wakati maambukizi yanaenea kwenye damu isiyo na askari. Neno la kwanza kwa mhudumu liwe: niko kwenye dawa za saratani, dozi ya mwisho nilipata tarehe fulani. Ndiyo maana tunasisitiza barua ya daktari inayoeleza aina ya saratani, dawa na tarehe, pamoja na namba ya simu ya wodi. Kipimajoto kidogo cha duka la dawa kisisahaulike. Na anayetumia morfini ya maji abebe maelezo ya hospitali yanayoonyesha kuwa ni yake.

Njiani, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Saratani na baadhi ya dawa zake huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni, kwa hiyo kila basi linaposimama mgonjwa ashuke anyooshe miguu, na mguu mmoja ukivimba na kuuma asiupuuze. Aliyeondolewa tezi za kwapani asibebe mzigo kwa mkono wa upande huo.

Chakula kiwe cha moto kilichoiva vizuri, maji yaliyochemshwa, na maziwa mabichi yaachwe hata kama ng'ombe ni wa babu. Kutembea taratibu jioni kunapunguza uchovu kuliko kulala kutwa. Kuoga ziwani hapana: kichocho kipo, na ngozi iliyopigwa mionzi au yenye kidonda haitaki maji hayo. Jua kali nalo aliepuke, kwa kuwa baadhi ya dawa huifanya ngozi iungue upesi.

Limebaki jambo linalotuumiza zaidi. Baada ya dozi mbili au tatu uvimbe unaweza kusinyaa na maumivu yakapungua. Mgonjwa yuko nyumbani, anakula, na mtu mwenye nia njema anasema: umeshapona, fedha iliyobaki tulipie ada, au kuna mzee hapa jirani ana mizizi. Siku nne zinakuwa miezi minne, na anaporudi kliniki ugonjwa umeshasambaa. Kupungua kwa uvimbe ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Si ruhusa ya kuiacha. Dawa za mitishamba zinaweza kugongana na dawa za hospitali au kuumiza ini, kwa hiyo zisiongezwe kimyakimya.

Tunashauri nauli ya kurudi itengwe kabla ya safari kuanza na ishikwe na mtu mmoja anayejulikana, ambaye pia ana tarehe ya kliniki kwenye simu yake. Huyo huyo ndiye apigiwe na familia iwapo mgonjwa ataanza kusema atarudi wiki ijayo.