Mbung'o Hufuata Kivuli

Mbung'o hapendi uwanda. Jua kali humkausha, kwa hiyo hupumzika kivulini, na jike huzaa buu mmoja mmoja, ambaye hujichimbia kwenye udongo laini chini ya vichaka. Ukilijua hilo, utaisoma upya historia ya mapori yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki kutokea kaskazini, ikafyeka mifugo. Ndui na njaa vikafuata. Wafugaji walionusurika walihama, na malisho yakakosa ng'ombe wa kuyala na watu wa kuyachoma moto. Miiba ikaota palipokuwa na nyasi fupi. Kusini, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambamo Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, viliacha mahame mengine.

Hapo wadudu wakapokezana makao. Waliotegemea uwanda na mavi ya ng'ombe walipungukiwa, mbung'o akaneemeka. Sotoka iliwaua nyati pia, lakini wanyamapori waliongezeka upya haraka kuliko watu na mifugo, wakampa damu. Aliporudi mfugaji, alikuta ndorobo, nagana na malale.

Wakoloni walipochora ramani za maeneo ya mbung'o, mapori hayo yalionekana kama nyika ya tangu kale. John Ford, aliyekuwa mtafiti wa mbung'o, alilipinga wazo hilo katika kitabu chake cha 1971, na Helge Kjekshus akafanya hivyo mwaka 1977: kabla ya majanga hayo, watu wenyewe walimdhibiti mdudu huyu kwa kulima, kulisha na kuchoma nyasi.

Shinyanga inatuonyesha upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1920, chini ya Charles Swynnerton, vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Aliondoka, lakini ufyekaji huo ulichangia ukame wa ardhi, hadi mradi wa HASHI ulipoanzishwa mwaka 1986 kurudisha miti, ukifufua ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyatenga kwa ajili ya kiangazi.

Kwangu funzo si kwamba kichaka ni kibaya au kizuri. Ni kwamba pori nalo lina tarehe ya kuzaliwa. Ninaposikia eneo likiitwa pori la asili lisilo na mwenyewe, naona tuulize kwanza: nani alikuwa akichunga hapa, na nini kilimwondoa?