Baraza, Mfereji na Zabuni: Kazi za Mji wa Mombasa na Lugha Yake

Mwaka 1928 yalitendeka Mombasa mambo mawili ambayo hayajazoeleka kutajwa pamoja. La kwanza ni kuundwa kwa Bodi ya Manispaa, kwa kufuata mapendekezo ya tume ya Jaji Feetham iliyochunguza serikali za mitaa katika koloni la Kenya. La pili ni mkutano uliofanyika mjini humo mwezi wa Juni, ukahudhuriwa na Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, ambapo Kiunguja kilipendelewa kuliko Kimvita kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mji mmoja, katika mwaka mmoja, ulipata chombo cha kuendeshea kazi zake za maji, njia na taka, na papo hapo lahaja yake ikawekwa kando. Wanahistoria wa miji wameshughulikia jambo la kwanza, na wanaisimu wamelishughulikia la pili. Lakini mwananchi wa Kibokoni au wa Majengo aliyaishi yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa kazi za mji zilimfikia kwa maneno.

Suala hili si dogo. Kumbukumbu za vikao vya Manispaa ziliandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo, na mtafiti anayezitegemea peke yake hujikuta akiusoma mji kwa macho ya mhandisi na mweka hazina. Sauti ya aliyechimbiwa mtaro mlangoni pake haimo. Iliyobaki ni msamiati, na msamiati huo, ukichunguzwa vizuri, ni ushahidi wa namna wenyeji walivyouelewa utawala huu mpya na mahali walipokataa kuuelewa kwa jinsi ulivyotaka wenyewe.

Yafaa kuanzia kabla ya Manispaa, kwani mji haukuwa bila utaratibu. Waswahili wa Mombasa walikuwa wamejigawa katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila upande ukiwa na wazee na kiongozi wake. Juu yao palikuwa na liwali, na mambo ya sheria yalikuwa kwa kadhi. Msikiti ulikuwa na kisima chake na birika lake, na vingi katika vitu hivyo vilitunzwa kwa mali ya wakfu. Nyumba za mawe zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti, na mafundi wake walijulikana. Nje ya nyumba palikuwa na baraza, yaani kile kikalio cha mawe na chokaa kilichoambatana na ukuta, ambapo wageni walipokewa na mashauri yalikatwa. Neno hilo la kikalio ndilo lililopanda cheo likawa jina la kikao chenyewe, kisha la chombo cha utawala. Nchini Tanzania neno lililoshika kwa chombo cha namna hii ni halmashauri. Kenya ilibaki na baraza. Aidha, mjumbe wa baraza aliitwa diwani, jina ambalo katika pwani ya kusini mwa Mombasa lilikuwa la mtawala mwenyewe, kama ilivyokuwa Vumba. Katika mabadiliko haya mawili pana kinyume cha kuchekesha kidogo: kikalio kilikwezwa kikawa serikali, na mtawala akateremshwa akawa mjumbe wa kata.

Ni dhahiri basi kwamba rai inayosema Kiswahili kilikosa istilahi za utawala wa mji mpaka vilipoundwa vyombo vya kukuza lugha, kama vile BAKITA mwaka 1967, haina msingi madhubuti. Maneno yalikuwapo. Lililokosekana ni idhini ya kuyatumia katika karatasi za serikali.

Kazi za kwanza za Waingereza mjini hazikuacha maneno mengi. Reli nyembamba ya futi 2, iliyotandazwa kuanzia mwaka 1890 wakati wa Kampuni ya Imperial British East Africa, ilibeba magari madogo ya kusukumwa kwa mikono kutoka mji wa kale hadi Kilindini. Iling'olewa mwaka 1923, motokaa zilipokwisha kuenea, na troli zake zimebaki katika picha za kale zaidi kuliko katika usemi. Umeme nao ulifika kwa njia ya ajabu. Jenereta ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa ikiwasha taa za jumba la kifalme, ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na mwaka 1908 ikawa chanzo cha kampuni ya umeme ya mji. Wenyeji hawakuuita kwa jina la kitabuni. Waliuita stima, kwa neno walilokwisha kulitumia kwa meli na mitambo ya mvuke, na mpaka leo Mkenya hukatiwa stima ingawa hapana mvuke wowote nyumbani kwake.

Maji ndiyo yenye habari ndefu. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Watu walikunywa maji ya visima, mengine matamu na mengine yenye chumvi kidogo, na kila mtaa ulijua kisima chake cha kunywa na cha kufulia. Baadaye maji yaliletwa kwa mabomba kutoka chemchemi za Marere katika milima ya Shimba. Mji ulipozidi kukua yakaletwa kutoka Mzima, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililomalizika mwaka 1957. Kwa mhandisi, huu ni ushindi usio na mjadala, na yamkini ndivyo ulivyokuwa. Hata hivyo, kwa mwenye nyumba ya mji wa kale maji ya bomba yalikuja pamoja na bwana afya, aliyekagua visima kutafuta viluwiluwi vya mbu na kutaka vifunikwe au vifukiwe. Kisima kilikuwa mali ya nyumba au wakfu wa msikiti, na maji yake hayakuuzwa kwa mwenye kiu. Maji mapya yalikuwa na mita na risiti. Asiyekuwa na mfereji nyumbani alinunua kwa debe kwa mchukuzi, na debe hilo, bati la mafuta ya taa lililogeuzwa kazi, likawa kipimo cha maji cha mji mzima.

Hapa pana nukta ya lugha inayostahili kutuliwa. Bara, mahali maji yanapotoka huitwa bomba, neno la Kireno lenye asili ya maana ya pampu, ambalo limetanuka likachukua mrija mzima na mwisho wake. Mombasa, kama Unguja, wenyeji walisema mfereji. Neno hili kwa asili ni la njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Msemaji wa bomba alikitazama chombo. Msemaji wa mfereji aliyatazama maji na mkondo wake, akauona mrija wa chuma kuwa ni handaki lililofunikwa. Kwa mtu wa kisiwani aliyeona barabara zikichimbwa, mirija ikilazwa na udongo ukirudishwa, jina hilo lilikuwa sahihi zaidi kuliko la kamusi. Kiswahili sanifu kimeyapokea yote mawili, lakini vitabu vingi vya shule vimependelea bomba, na mtoto wa Mombasa hujifunza darasani kwamba kitu kilichomo uani kwao kina jina jingine.

Jambo la namna hiyo hiyo lilipata njia. Kimvita husema ndia, na hivyo ndivyo wazee wa mji walivyotaja vichochoro na njia zao. Sanifu ilileta njia, na lami ikaleta barabara, neno ambalo polepole lilitengwa kwa ile iliyo pana na yenye kutunzwa na serikali. Manispaa iliyapa barabara majina: Salim Road, ambayo sasa ni Digo Road, na Kilindini Road, iliyokuja kuwa Moi Avenue. Wenyeji waliendelea kuelekezana kwa mitaa na alama, yaani Mwembe Tayari, Bondeni, Kengeleni, hili la mwisho likitokana na kengele ya Freretown. Soko la Mackinnon halikuitwa soko wala Mackinnon. Liliitwa Marikiti, neno la Kiingereza lililofanywa jina la mahali pamoja, ilhali soko likabaki jina la masoko yote.

Katika shughuli za kila siku za Manispaa hapana neno lililosafiri mbali kuliko zabuni. Kwa asili ya Kiarabu ni mteja, mnunuzi. Katika Kiswahili cha zamani, kama kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inavyoshuhudia, kuzabuni ni kutaja bei mnadani. Mnadani watu husimama hadharani, dalali hupaza sauti, kila mmoja husikia bei ya mwenziwe, na mwenye kutaja kubwa ndiye apataye. Baraza la mji lilipotaka kuchimbiwa mtaro au kujengewa choo cha soko lilifanya kinyume cha haya yote. Bei iliandikwa na kutiwa katika bahasha iliyofungwa. Hakuna aliyejua ya mwenziwe. Na kwa kawaida aliyetaja ndogo ndiye aliyetarajiwa kupewa. Lugha ilikiita kitu hiki kipya kwa jina la kitu kilichokuwa kinyume chake. Si kosa la wafasiri. Mwananchi alikuwa na mfano mmoja tu wa watu wengi kushindania jambo moja kwa bei, nao ulikuwa mnada. Lakini pamoja na neno yalihama pia matarajio ya mnada, yaani kwamba bei itasikika na kila mtu atajua kwa nini fulani ameshinda. Manung'uniko ya watu wa miji yetu juu ya zabuni, mengi yakiwa ya haki, kwa kiasi fulani ni madai ya maana ya zamani ya neno lenyewe. Kandarasi, kwa upande wake, ilitoka moja kwa moja katika Kiingereza na haikuleta kumbukumbu yoyote; labda ndiyo sababu watu huitaja bila hasira.

Waliofanya kazi hizi kwa mikono yao hawana nafasi kubwa katika kumbukumbu. Mfagiaji na mzoa kinyesi aliitwa topasi, jina lililobeba dharau kutoka Bara Hindi hadi pwani hii. Wengi wa vibarua walikaa Majengo, ambako mtu hukodi kiwanja kwa mwenye ardhi kisha akajenga nyumba yake juu yake, nyumba ikawa ya mmoja na ardhi ya mwingine. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliandikisha ardhi, na wengi waliokuwa wakiishi juu yake wakawa wapangaji. Kodi ya chumba ilipopanda na mshahara usipande, mgomo ulizuka mwezi wa Julai 1939. Ulianza kwa wafanyakazi wa idara ya kazi za umma, wakafuatwa na wengine hadi makuli wa bandarini, na serikali ikaunda tume ya Willan, ambayo iliyatazama sana makao ya wafanyakazi. Januari 1947 mji mzima uligoma tena, safari hii viongozi wa wafanyakazi, akiwamo Chege Kibachia, wakisema na maelfu ya watu kwa Kiswahili. Kutokana na misukosuko hii ujenzi wa nyumba za wafanyakazi ukawa miongoni mwa kazi kubwa za mji.

Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumiwe Bungeni. Miswada hata hivyo iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 lugha zote mbili ziliruhusiwa. Mabaraza ya miji yalifuata mwendo huo huo: diwani alisema na watu wake kwa Kiswahili mkutanoni, na karani akaandika kwa Kiingereza ofisini. Tanzania ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, na kumbukumbu za halmashauri zake zilizidi kusomeka na mtu yeyote aliyejua kusoma. Tofauti hii ya miaka na ya desturi ndiyo iliyofanya istilahi nyingi za kazi za mji zikomae upande mmoja wa mpaka na kubaki mdomoni upande wa pili.

Daraja la Nyali la kuelea, lililofunguliwa mwaka 1931 na kutozwa ushuru kwa wavukao, lilipokewa na daraja jipya la saruji mwaka 1980. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na mwaka 2013 baraza la Mombasa lilivunjwa, kazi zake zikaingia mikononi mwa serikali ya kaunti. Madiwani wakawa wawakilishi wa wadi, na jina la Vumba likapoteza makao yake ya mwisho katika sheria ya Kenya. Katika mji wa kale, mwenye kukatiwa maji bado huulizwa na jirani yake kama mfereji umefunguliwa.