Jembe la Gonja: Picha, Historia na Kalamu

Mwezi Juni 2015, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika mjini Johannesburg, Dkt. Nkosazana Dlamini-Zuma, aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja huo, alitangaza kwamba wakati umewadia wa kulipeleka jembe la mkono makumbusho. Kwa Watanzania wito ule haukuwa mgeni. Miaka sita kabla yake tulikuwa tumezindua Kilimo Kwanza, na pawatila zikagawiwa wilayani kwa mbwembwe, baadhi zikaishia kubeba mchanga na maji ya kuuza. Sina ugomvi na wito wenyewe. Aliyewahi kulima ekari moja ya mteremko kwa mkono hawezi kuimba sifa za jembe, na migongo iliyopindishwa na chombo hiki ni, kwa sehemu kubwa, migongo ya akina mama.

Lakini kitu kikishaingia makumbusho huandikiwa kibandiko. Mtu hukaa, akashika kalamu, akaamua kwamba maneno ishirini yanatosha kueleza kitu hicho kilikuwa nini na kilikuwa cha nani. Hapo ndipo penye hofu yangu, na hapo ndipo somo la uandishi wa kubuni ninalolifundisha linapokutana na somo la historia.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitumia darasani picha moja niliyoipiga mwenyewe Gonja, katika wilaya ya Same. Ni picha ya jembe, basi. Hakuna mtu, hakuna mlima, hakuna machweo. Jembe limeegemezwa kwenye ukuta wa udongo, mpini wake mweusi kwa jasho la viganja katika sehemu mbili na mweupe katikati. Bati limelika hata likabaki karibu nusu ya upana wake wa awali, na limelika kwa namna ya ajabu: si kwa ulaini wa chuma kilichopita kwenye udongo, bali kwa meno na mapengo, kana kwamba limetafunwa. Karibu na tundu la mpini herufi za UFI zinasomeka kwa shida. Kazi ninayowapa wanafunzi ni fupi: tazama, kisha andika kurasa mbili.

Msomaji atabashiri kinachokuja. Sehemu kubwa ya kazi ninazozipokea huwa na bibi mvumilivu. Bibi huyo huamka alfajiri, mvua hazinyeshi, watoto wanalia njaa, naye analima tu, na mwishoni hufa huku ameshika mpini. Ni hadithi zenye huruma, na nyingine zimeandikwa kwa Kiswahili cha kupendeza. Tatizo lake ni kwamba zingeweza kuandikwa bila ya picha. Mwanafunzi ameliona neno jembe, hakuliona jembe.

Wakubwa kuliko wanafunzi wangu wamewahi kunaswa na mtego huo. Martin Heidegger, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika insha yake kuhusu chimbuko la kazi ya sanaa, aliyoianza kama mihadhara katikati ya miaka ya 1930, alitazama mchoro wa Vincent van Gogh wa jozi ya viatu vikuukuu. Akaona ndani yake maisha yote ya mwanamke mkulima: matuta, upepo, hofu ya kukosa mkate. Kurasa zile ni tamu, na zimenukuliwa dunia nzima. Kisha mwaka 1968 akaja mwanahistoria wa sanaa, Meyer Schapiro wa New York, akauliza swali la mpelelezi: viatu hivi ni vya nani? Jibu lake lilikuwa kwamba ni vya mchoraji mwenyewe, mtu aliyekuwa akiishi mjini Paris wakati huo. Mkulima aliingizwa viatuni na mwanafalsafa. Ubishi ule haujaisha mpaka leo, nami siutaji ili kumcheka Heidegger. Nautaja kwa sababu swali la Schapiro ndilo linalokosekana madarasani kwetu.

Basi jembe lile ni la nani, na lilikuwa likifanya nini?

Mwenye jembe, mzee wa Gonja ambaye jina lake nalihifadhi, alinieleza siku ile ile nilipopiga picha. Nilimwambia, "Mzee, shamba lako lina mawe makali." Akacheka. "Mwalimu, hilo si jembe la shamba. Hilo ni la mfereji. La shamba liko ndani." Maelezo hayo huwaficha wanafunzi mpaka wamalize rasimu ya kwanza.

Asiyeijua Gonja inafaa nimpe sura yake kidogo. Upande wa mashariki wa milima ya Upare Kusini mteremko unaanguka ghafla hadi tambarare ya Mkomazi. Juu, Vuje na Bombo, kuna ukungu, migomba na baridi. Chini, Maore na kuelekea Ndungu, jua ni kali na mvua ni za kubahatisha. Chakula cha chini hutegemea maji ya juu. Kwa sababu hiyo Wapare, vizazi vingi kabla ya mkoloni, walijenga mifereji na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalopokea maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe yakiwa na nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Maji hugawiwa kwa zamu. Mfereji ukijaa mchanga na mawe, watu huitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya lazima. Asiyefika hutozwa faini, na akikaidi zamu yake ya maji huwa mashakani. (Wapare tunajulikana kwa kupenda kesi; husemwa kwamba Mpare yu tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Anayesema hivyo hajawahi kugombea zamu ya maji mwezi wa kiangazi.)

Kwa hiyo meno yale kwenye bati ni ya mawe ya mfereji. Jembe lile ni kumbukumbu ya wito ulioitikiwa mara mia. Mwanafunzi akishaambiwa hivyo, bibi wake mpweke hutoweka, na mahali pake huja umati: watu walioshuka mferejini pamoja, wakatazamana nani kafika na nani hakufika. Palipo na umati wenye sheria pana hadithi.

Chuma chenyewe nacho kina nasaba. Kaskazini, huko Ugweno, wahunzi wa ukoo wa Washana walikuwa wakifua chuma kwa mchanga mweusi uliochotwa vijitoni, makaa, na mivukuto ya ngozi. Bidhaa zao zilivuka hadi kwa Wachaga na Wamasai. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameonyesha jinsi ufundi huo ulivyofungamana na utawala: Washana walitawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Fikiria basi uzito wa jembe katika zama hizo. Mwenye siri ya tanuri alikuwa na siri ya shibe ya watu. Kisha misafara ya Pangani ikapita ukanda wa chini kuelekea Kilimanjaro, ikifuatwa na utawala wa Wajerumani, na reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Chuma cha viwandani kilipomwagika madukani, tanuri za Ugweno zilizimika. Jembe la Mpare likawa kitu cha kununuliwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kibarua au kwa kuuza mazao.

Herufi UFI zinatuleta karibu zaidi. Ni kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, zama ambazo Azimio la Arusha lilikuwa bado changa na jembe lilikuwa limekwisha kukaa katika nembo ya taifa, limepishana na shoka. Mwaka 1977 likapanda tena kwenye bendera ya CCM, safari hii pamoja na nyundo. Sijui taifa jingine lililoliinua jembe juu namna hii huku likimwacha mwenye jembe chini kwa muda mrefu hivi. Ninalisema hilo kama raia; darasani huwaachia wanafunzi waligundue wenyewe.

Lakini sehemu ninayoikalia zaidi ni ile isiyoonekana kabisa pichani. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni na machifu wa Upare walianzisha kodi ya kadiri ya mali, wakaipa jina la mbiru, neno la zamani la ushuru wa jadi, ili lionekane jambo la kwetu. Watu hawakudanganyika. Mwezi Januari 1945 maelfu yao walishuka Same, makao ya wilaya, wakakaa pale kudai kodi ifutwe. Hawakuja siku moja wakarudi. Walikaa miezi, kwa kupokezana. Mwanzoni mwa 1946, huko Usangi, mamia ya wanawake walimkabili ofisa wa serikali. Hoja yao ilikuwa kali na yenye dhihaka: ikiwa waume zetu wamezuiwa Same kwa ajili ya kodi yenu, basi wewe utupe mimba sisi sote. Siku chache baadaye mawe yakarushwa. Kodi ile hatimaye ikaondolewa. Kimambo aliliandika jambo hilo katika kijitabu cha mwaka 1971, na wasomi wa siasa za wanawake wakalirudia.

Sasa rudi kwenye jembe. Miezi yote ile wanaume walipokuwa wamelala nje Same, nani alilima? Nani alizibua mifereji, na wito wa msaragambo uliitikiwa na nani? Mafaili ya kikoloni yaliandikwa na watu waliojali kodi na utulivu. Hayana safu ya kuandika aliyeshika mpini. Picha za zama zile hazisaidii sana. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Upareni mwanzoni mwa karne ya 20, walipiga picha ambazo leo zimehifadhiwa katika hazina ya dijitali ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na yeyote mwenye intaneti aweza kuzitazama. Maelezo ya picha za aina hiyo kwa kawaida hutaja kabila na kazi: mwanamke wa Kipare akifanya hiki au kile. Jina hakuna. Kibandiko cha makumbusho ninachokihofia kimekwisha kuandikwa mara moja tayari.

Hapa ndipo mwandishi wa kubuni ana kazi ambayo mwanahistoria hawezi kuifanya. Mimi kama mwanahistoria nafika kwenye swali la nani alilima na kusimama. Mwandishi anaruhusiwa kuvuka, kwa sharti kwamba avuke kutoka mahali nilipofika, asianzie hewani. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake ya By the Sea ya mwaka 2001, ameonyesha namna ya kuvuka. Meza ndogo ya mpingo na kisanduku cha udi vinabeba ugomvi wa familia mbili za Unguja, biashara ya Bahari ya Hindi na uchungu wa ukimbizi. Kisanduku kinachukuliwa na ofisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Gatwick, na msomaji anaelewa kilichoibwa kwa sababu amekwisha kuambiwa udi ule ulitoka wapi na ulifikaje. Gurnah hakuhitaji kitu cha ajabu. Alihitaji kitu chenye njia nyuma yake.

Wanafunzi wangu hupewa rasimu ya pili baada ya mazungumzo haya. Matokeo si mema sikuzote. Wapo wanaoijaza hadithi tarehe hata ikawa kama mtihani wa kidato cha nne. Lakini mwaka uliopita kijana mmoja kutoka Singida, ambaye hajawahi kuiona ndiva kwa macho, aliandika juu ya mjane aliyekosa msaragambo kwa sababu alikuwa akiuguza. Wanaume wa mfereji wanajadili kama zamu yake ifungwe. Jembe la marehemu mumewe limeegemea ukutani, na kila mjumbe analijua, maana alizibua nalo mfereji huo huo pamoja na mwenyewe miaka thelathini. Hakuna anayelitaja. Wanajadili faini.

Nilimpigia mstari sehemu moja tu. Alikuwa ameandika kwamba faini ilikuwa "fedha nyingi". Nilimwuliza ni kiasi gani, mwaka gani, na ililipwa kwa fedha au kwa kuku. Akajibu kwamba hilo halimo kwenye picha. Nikamwelekeza Gonja, kwa wazee wa kamati ya mfereji, maana siku hizi kijito chao hupungua kila kiangazi, vijana wameondoka, na wanaokumbuka viwango vya faini za zamani wamebaki wachache. Basi la Same linaloshuka upande huo hupita Kisiwani, kisha Maore. Nauli alichangiwa na wenzake, na ameniambia ataondoka wiki ya kwanza ya likizo.