Homa ya mafua: Kinga ya familia huanzia mikononi

WAKENYA wengi hawayahesabu mafua kuwa ugonjwa. Mtoto akitokwa na kamasi husemwa ni baridi ya asubuhi, na baba aliyekohoa usiku kucha hupewa chai ya tangawizi kisha akaenda kazini kama kawaida. Lakini mdharau mwiba, mguu huota tende. Homa ya mafua, inayosababishwa na virusi vya influenza, ni maradhi yanayoweza kuua, na aghalabu humfikia mtu nyumbani kwake kupitia kwa wale anaowapenda.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba homa hii huwapata watu wapatao bilioni 1 kila mwaka. Miongoni mwao, milioni 3 hadi milioni 5 huugua vibaya, na kati ya watu 290,000 na 650,000 hufariki kutokana na matatizo ya kupumua.

Kenya haijawahi kuepuka janga hili. Mnamo 1918, homa iliyoangamiza mamilioni ya watu ulimwenguni iliingia nchini kupitia bandari ya Mombasa, ikaenea hadi bara. Mwishoni mwa Juni 2009, kisa cha kwanza cha homa ya H1N1, iliyojulikana kama homa ya nguruwe, kilithibitishwa nchini kwa mwanafunzi aliyetoka Uingereza. Isitoshe, virusi hivi husambaa hapa nchini karibu mwaka mzima, kwa hivyo tahadhari haina msimu.

Si mafua ya kawaida

Mafua ya kawaida huanza polepole kwa pua kuwasha na kutoa kamasi. Homa ya mafua humvamia mtu kwa ghafla: joto la mwili hupanda, kichwa na viungo huuma, koo hukauka, kikohozi kikavu huanza na mwili mzima hulegea. Wengi hupata nafuu baada ya wiki moja hivi, ingawa kikohozi huweza kudumu zaidi.

Hatari kubwa ni kwa wajawazito, wazee, watoto wa chini ya umri wa miaka 5, na watu wenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo au virusi vya Ukimwi. Kwao, homa hii huweza kugeuka nimonia kwa muda mfupi. Mnyonge kuliko wote ni mtoto mchanga. Chanjo ya homa ya mafua haitolewi kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, naye hawezi kunawa wala kumkwepa anayekohoa. Usalama wake umo mikononi mwa jamaa zake.

Jinsi inavyoenea

Mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza, hutoa matone madogo yenye virusi, na aliye karibu huyavuta puani. Matone mengine hutua kwenye vitasa vya milango, meza, simu na vikombe. Juu ya vitu vigumu kama chuma na plastiki, virusi huweza kuishi kwa siku moja au mbili. Anayevigusa vitu hivyo kisha akajipangusa macho, pua au mdomo hujiambukiza mwenyewe.

Jambo linalotatiza zaidi ni kwamba mtu huweza kuambukiza wengine siku moja kabla hajahisi dalili zozote, na kuendelea hivyo kwa siku 5 hadi 7 baada ya kuugua. Ndiyo maana usafi wa kungoja mtu augue huwa umechelewa. Ni lazima uwe desturi ya kila siku.

Maji na sabuni

Sabuni ya kipande inayofulia nguo yatosha kabisa kuviangamiza virusi hivi, kwani huyeyusha utando wa mafuta unaovifunika. Mikono isuguliwe viganjani, migongoni, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa muda usiopungua sekunde 20, isuuzwe kwa maji yanayotiririka, kisha ikaushwe kwa kitambaa safi. Inafaa kunawa kila mtu anaporudi nyumbani, kabla ya kupika na kula, baada ya kupenga kamasi au kukohoa, na kabla ya kumshika mtoto mchanga.

Katika nyumba nyingi, wageni na wenyeji hutumbukiza mikono katika beseni moja kabla ya chakula. Desturi hiyo humwachia wa mwisho uchafu wa wote waliomtangulia. Heri maji yamiminwe kwa jagi juu ya mikono ya kila mmoja.

Panapokuwa na uhaba wa maji, familia inaweza kutoboa tundu dogo kwenye mtungi wa plastiki na kuuning'iniza karibu na mlango au choo, ili maji machache yachirizike na kunawisha watu wengi. Asiyemudu kuweka kipande cha sabuni hapo aweza kutia sabuni kidogo ya unga katika chupa ya maji na kuitikisa. Safarini, kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 husaidia.

Mgonjwa akiwa nyumbani

Kila mmoja afundishwe kukohoa na kupiga chafya kwenye kiwiko au karatasi ya shashi, ambayo hutupwa mara moja. Wazazi wajihadhari na tabia ya kutumia pembe moja ya leso kuwafuta kamasi watoto wawili, au kuonja uji kwa kijiko kile kile anacholishwa mtoto.

Mgonjwa atengewe kikombe, sahani na taulo yake, na ikiwezekana alale peke yake. Familia inayoishi katika chumba kimoja inaweza kumlaza upande wa dirisha, mbali na mtoto mchanga na wazee, na kuacha dirisha wazi ili hewa ipite. Vitasa, meza na simu vipanguswe kila siku. Mwanafunzi mwenye joto asipelekwe shuleni hadi saa 24 zipite bila homa na bila dawa za kuituliza.

Mama anayenyonyesha hapaswi kumwachisha mtoto ziwa kwa sababu ya mafua, kwani maziwa yake humpa mtoto kinga. Anawe mikono na avae barakoa anapomnyonyesha.

Dawa na dalili za hatari

Viuavijasumu haviui virusi. Kuvinunua dukani kwa ajili ya mafua ni kupoteza fedha na kuvifanya bakteria kuwa sugu. Mgonjwa anahitaji mapumziko, vinywaji kwa wingi na dawa ya kutuliza homa. Watoto na vijana wasipewe aspirini, kwa kuwa huweza kuwadhuru ubongo na ini. Chanjo hutolewa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na wajawazito na wengine walio hatarini waulize wahudumu wa afya kuihusu.

Mgonjwa akimbizwe hospitalini akipumua kwa shida, midomo ikigeuka rangi ya samawati, akichanganyikiwa, akipatwa na kifafa, au homa ikirudi kwa nguvu baada ya kupata nafuu. Mtoto anayekataa kunyonya, anayelegea au ambaye mbavu zake zinazama anapopumua asicheleweshwe hata kidogo.

Mkurupuko wa Covid-19 ulipofika Kenya mnamo Machi 2020, mitungi ya maji na sabuni iliwekwa sokoni, katika vituo vya matatu na milangoni mwa maduka, na wananchi wakajifunza kunawa. Elimu hiyo haikugharimu kidogo, na hakuna sababu ya kuiacha ipotee. Kipande cha sabuni na dirisha lililo wazi ni vitu vilivyo karibu na kila familia, na mtoto aliyebebwa mgongoni hana ngao nyingine iliyo rahisi kuliko hiyo.