Uhaba wa maji ya mto Sebeya, Rubavu

Uhaba wa maji ya mto Sebeya ni tatizo la kiuchumi linalowakabili wakulima, wafugaji na wakazi wa Rubavu, wilaya ya Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Mji mkuu wa wilaya hiyo ni Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Ni uhaba wa aina yake. Wilaya ina mvua nyingi, ina ziwa, na mto wake unajulikana kwa mafuriko kuliko kwa kukauka. Hata hivyo maji safi, mahali yanapohitajika na kwa wakati wake, ni machache, na gharama ya upungufu huo hulipwa kuanzia shambani hadi sokoni.

Mto na ardhi yake

Sebeya huanzia katika milima iliyo upande wa Gishwati, hukusanya maji ya bonde lenye zaidi ya kilomita za mraba 300, kisha huingia Ziwa Kivu kusini mwa Gisenyi. Msitu wa Gishwati ndio uliokuwa ukinywa mvua na kuiachia kidogo kidogo. Katika miaka ya 1970 ulikuwa na kilomita za mraba zipatazo 280. Malisho ya ng'ombe, mashamba na makazi ya watu waliorejea nchini baada ya 1994 vikaumega hata, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikabaki kama 6 tu. Mvua sasa huteremka kwa mkupuo, ikibeba udongo wa mashamba na tope la machimbo ya madini. Kiangazi kikikaza, vijito hupungua.

Kaskazini mwa wilaya, katika tarafa za Bugeshi, Mudende na Busasamana, shida ni nyingine. Udongo wa volkano una rutuba, lakini mwamba wake una vitundu vingi na maji huzama upesi, kwa hiyo mito ya kudumu ni adimu. Mkulima wa huko hutegemea mvua, maji yaliyokingwa kutoka kwenye bati, na dumu la lita 20 lililochotwa mbali.

Hasara shambani

Kalenda ya kilimo ya Rwanda ina misimu mitatu: A, inayoanza Septemba, B, inayofuata mvua za masika, na C, ya kiangazi, inayowezekana tu mabondeni au penye umwagiliaji. Zao kubwa la biashara la Rubavu ni viazi mviringo. Mizizi yake haiendi chini sana. Mvua ikikatika wakati viazi vinaanza kujaa, mkulima huvuna vidogo vidogo, ambavyo mnunuzi huvichambua na kuviweka kando kwa bei ya chini, ilhali mbegu, mbolea na dawa ya ukungu vilishalipiwa bei kamili.

Upungufu huo hauwaumizi wote sawasawa. Mwenye shamba kando ya maji, au mwenye pampu, huuza vitunguu, karoti na kabichi katika msimu C, sokoni vikiwa haba na bei ikiwa juu. Jirani yake wa mlimani wakati huo ananunua chakula kwa bei hiyohiyo.

Wachuuzi nao huguswa. Maelfu ya watu, wengi wao wanawake, huvuka kila siku mpaka mdogo uitwao Petite Barrière wakipeleka mboga, viazi na maziwa Goma, nchini Kongo. Mavuno yakipungua, mtaji wao mdogo hukosa mzigo wa kuvusha. Katika mashamba ya chai ya Pfunda, mchumaji anayelipwa kwa kilo hupata kidogo machipukizi yanapochelewa. Huko Gishwati, ng'ombe anayekosa maji na majani mabichi hupunguza maziwa.

Mto mmoja, watumiaji wengi

Sebeya huendesha vituo vitatu vidogo vya umeme: Gisenyi, Gihira na Keya, vyenye uwezo wa jumla wa megawati 5 na ushei. Havina mabwawa makubwa ya akiba, hivyo mto ukipungua, umeme nao hupungua. Mtambo wa kusafisha maji wa Gihira, unaolisha Gisenyi, huchota maji humohumo. Mvua ikinyesha sana, tope huzidi uwezo wa mtambo: shabu ya kutuliza udongo hutumika kwa wingi, na mara nyingine mtambo husimamishwa. Ndipo mji hukosa maji mto ukiwa umefurika. Kwa mkulima, tope hilo hula mapanga ya pampu na kuziba mifereji.

Kufurika huko huweza pia kuleta maafa. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda. Sebeya ilifunika mashamba na nyumba za Nyundo, Kanama na Rugerero.

Hatua zilizochukuliwa

Serikali, pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN na kwa fedha za Uholanzi, imechimba matuta ya ngazi, imepanda miti na mianzi, na imejenga bwawa la kupunguza kasi ya maji. Sheria inakataza kulima ndani ya mita 10 kutoka ukingo wa mto. Ni kanuni nzito kwa familia ambazo mara nyingi zina chini ya hekta moja. Bima ya kilimo na mifugo, Tekana Urishingiwe Muhinzi Mworozi, ilianza mwaka 2019, serikali ikichangia asilimia 40 ya ada. Umwagiliaji mdogo nao hupewa ruzuku ya nusu ya gharama ya vifaa. Nusu nyingine, pamoja na mafuta ya kupandisha maji mlimani, hubaki mabegani mwa mkulima, na ndiyo sababu pampu nyingi hununuliwa na vyama vya ushirika.